Nyumba ya Nyasi ya Kasubi na Watu Walioijenga kwa Kujitolea

Kilima cha Kasubi ki mwendo wa kilomita tano hivi kutoka katikati ya mji wa Kampala, na waandishi wengi waliokitaja wamekitaja kwa ajili ya wafalme waliozikwa juu yake. Jambo hilo si la ajabu, kwani wafalme wanne wa Buganda wamelala pale chini ya paa moja: Mutesa wa Kwanza aliyefariki mwaka 1884, Mwanga aliyefia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, na mabaki yake kurudishwa mwaka 1910, Daudi Chwa aliyefariki mwaka 1939, na Edward Mutesa aliyefia London mwaka 1969 na kurejeshwa kwao mwaka 1971. Lakini katika makala haya twapenda kuwaacha wafalme wapumzike, tuwatazame watu wa chini yao: wakata nyasi, wafunga matete, waezekaji, wachangaji wa shilingi, na wazee waliokaa kuamua nani aanze na nani angoje. Maana nyumba ile haikusimama kwa nguvu ya mshahara. Ilisimama kwa watu waliokuja kwa hiari yao au kwa wajibu wa ukoo, na palipo na watu wa namna hiyo hapakosi magomvi. Swali letu ni hili: magomvi hayo yalitulizwa kwa njia gani, na njia hizo zilipokatika, ilikuwaje?

Nyumba yenyewe huitwa Muzibu Azaala Mpanga. Mwalimu wa Kiswahili hatahitaji kamusi kulitambua neno la katikati, kwani azaala ni ndugu wa azaa. Na mpanga ni jogoo. Mutesa alijenga jumba lake kilimani hapo mwaka 1882, na miaka miwili baadaye akazikwa ndani yake. Kabla ya hapo desturi ilikuwa kuutenga utaya wa mfalme na kiwiliwili chake, kila kimoja kikawekwa mahali pake, na kila mfalme akawa na nyumba yake na watu wake wa kuitunza. Mutesa alizikwa mzima, nyumbani kwake, na waliomfuata wakaletwa kulala ubavuni pake. Tokeo la mabadiliko hayo halikuwa la ibada tu. Nyumba moja sasa ikawa ya watu wote wa Buganda, na mzigo wa kuitunza ukawa wa watu wote. Na mzigo wa watu wote, kama tujuavyo sote tuliowahi kuwa katika kamati za shule, una hatari ya kutokuwa wa mtu yeyote.

Waganda waliiepuka hatari hiyo kwa kugawa kazi kwa koo. Nyumba ni ya duara, upana wake mita 31, na paa lake hushuka karibu kugusa ardhi. Ndani ya paa hilo mna pete 52 zilizosukwa kwa matete, moja ikipandana na nyingine hadi kileleni, nazo zasimama badala ya koo 52 za Buganda. Kuezeka ni haki ya ukoo wa Ngeye, yaani watu wa mbega, na mkuu wa waezekaji huitwa Wabulaakayole. Kuzipamba zile pete ni kazi ya watu wa Ngo, ndio wa chui. Nguo za magome ya mutuba, zinazofanya pazia kubwa la kuficha mahali pa makaburi panapoitwa msitu, hutoka katika ufundi ambao tangu zamani umekuwa wa watu wa Ngonge, yaani fisi maji. Wajane wa wafalme, au wale waliorithi nafasi zao kutoka koo zao, hukaa kwa zamu kulinda na kupokea wageni. Hivyo hapana ukoo uwezao kusema kwamba nyumba haiuhusu, wala hapana ukoo uwezao kuijenga peke yake.

Tuutazame mpango huu kwa makini kidogo, maana ndipo penye siri. Mtu asiyelipwa hawezi kuamrishwa kama mtu anayelipwa. Akichukizwa huenda zake, na huna la kumkata. Kinachomshika ni heshima ya kazi yake kutambuliwa kuwa ni yake. Kijana wa Ngeye aliyepanda paani hakuwa kibarua. Alikuwa mwenye mali. Akija mtu wa ukoo mwingine kumfundisha namna ya kuchana nyasi, hata kama mtu huyo anajua kweli, ameingia shamba lisilo lake. Mipaka hiyo yaweza kuonekana kuwa ni ubinafsi, na sisi tulipoanza kuisoma habari hii tulidhani hivyo. Lakini twaona kwamba mipaka iliyojulikana iliondoa nusu ya ugomvi kabla haujazaliwa, kwa kuwa swali la nani ana neno la mwisho lilikwisha kujibiwa tangu enzi za mababu.

Nusu iliyobaki ilikuwa na mahakama yake. Muundo wa ukoo wa Kiganda umechorwa kwa mfano wa nyumba na ua wake: mkuu wa ukoo ni kasolya, yaani kilele cha paa, chini yake yapo masiga, ambayo ni mafiga ya jikoni, kisha mituba, mti ule ule utoao nguo ya gome, kisha nyiriri. Mgogoro hupanda ngazi hizo mmoja mmoja. Wagombanao katika tawi dogo husikilizwa na mzee wa tawi, wasiporidhika hupanda juu, na kesi za koo zilizoshindikana hufika mbele ya mahakama ya Kisekwa, ambayo kazi yake hasa ni mashauri ya koo. Na juu ya Kisekwa yuko Kabaka mwenyewe. Mpango huu una uzito wake na ucheleweshaji wake, na zipo kesi za urithi wa ukoo zilizodumu hata wahusika wakazeeka. Hata hivyo aliyeshindwa alijua alishindwa wapi na kwa sauti ya nani.

Kisha ipo ngoma. Hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwa kuwa jambo hili lina maana kubwa kwa yale yatakayofuata. Waganda walikuwa na miito mbalimbali ya ngoma, na kila ukoo una mdundo wake uitwao omubala ambao mwanaukoo huutambua akiwa mbali. Miongoni mwa miito ya watu wote, miwili yatuhusu. Mmoja ni Saagala agalamidde, maana yake sitaki mtu aliyejilaza. Huo ulikuwa mwito wa bulungi bwansi, kazi ya kujitolea kwa manufaa ya nchi, ya kulima barabara, kusafisha visima na mengineyo. Wa pili ni Ggwanga mujje, taifa njooni. Huo ni mwito wa hatari. Aliyesikia wa kwanza alichukua jembe. Aliyesikia wa pili alichukua mkuki. Jambo la hekima ni kwamba miito hiyo haikufanana, wala mpigaji hakuwa mtu yeyote apitaye njiani.

Mpango huo wote ulipata pigo mwezi Mei mwaka 1966, majeshi ya serikali kuu yalipoivamia Lubiri, jumba la Kabaka huko Mengo, na Edward Mutesa akakimbilia Uingereza. Katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote. Makaburi ya Kasubi hayakubomolewa, na walinzi wake wa jadi hawakuondoka, lakini wenye mamlaka ya kuita watu hawakuwako tena kwa jina la sheria. Mwaka 1972 mahali hapo palitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa chini ya sheria ya kumbukumbu za kihistoria. Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema, kwa kuwa ililinda. Ila iliweka bwana wa pili. Falme ziliporudishwa mwaka 1993 na Ronald Mutebi kutawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai, Kasubi ilikuwa na mwenye nyumba wawili. Na mwaka 2001, ilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, akaongezeka wa tatu, naye mwenye kanuni zake za jinsi jengo la kale lipasavyo kutunzwa.

Wenye nyumba watatu waweza kuishi pamoja ikiwa wanasemezana. Lakini mwezi Septemba mwaka 2009 mazungumzo kati ya Mengo na serikali yalikuwa yamefika pabaya. Serikali ilimzuia Kabaka kuzuru Kayunga, ghasia zikazuka Kampala na pengineko, na watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha. Katika siku hizo hizo serikali iliifunga redio CBS, redio ya ufalme iliyokuwa ikitangaza kwa Kiluganda tangu mwaka 1996, kwa madai kwamba ilichochea ghasia. Hatutaki kuirudia hapa kesi ya redio ile. Kila upande ulisema yake. Twataka tu kukumbusha kwamba ilifungwa, na kwamba haikufunguliwa mpaka Oktoba 2010.

Katikati ya kimya hicho, usiku wa tarehe 16 Machi 2010, Muzibu Azaala Mpanga iliungua. Nyasi kavu, matete, nguo za magome na mbao za miaka mingi vilishika moto kwa muda mfupi, na kufikia asubuhi paa lilikuwa limekwisha, na ndani zimebaki nguzo na kuta zilizoungua. Watu walimiminika kilimani usiku ule ule. Wengine walilia, wengine walitafuta cha kuokoa, na wengine walitafuta wa kulaumu. Kesho yake Kabaka alifika, na Rais Museveni naye alifika. Baadhi ya umati wakajaribu kumzuia rais asiingie, askari wakapiga risasi, na watu wasiopungua wawili wakauawa mahali walipokuja kuomboleza.

Hapa ndipo ule mfano wa ngoma mbili unapotusaidia kufahamu. Watu walikuja Kasubi kama walioitwa na Ggwanga mujje. Walikuwa maelfu, walikuwa tayari kujitolea chochote, na hawakupewa kazi. Waliopaswa kuwaambia maneno mawili matatu ya kweli, yaani nini kinajulikana, nini hakijulikani, nani anashughulika, kesho mje na nini, hawakuwa na chombo cha kuwafikia wote. Ufalme ulikuwa na wasemaji, lakini redio yake ilikuwa kimya. Serikali ilikuwa na redio, lakini waombolezaji hawakuiamini. Nafasi hiyo ikajazwa na uvumi, ambao hauhitaji leseni. Hatusemi kwamba redio ingezima moto, wala kwamba ingezuia risasi. Twasema kwamba umati wenye nia njema usio na sauti unayoiamini ni umati wa hatari kwa wenyewe kwanza. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji. Ripoti yake haikutangazwa kwa umma kwa muda mrefu, na kila mwezi uliopita bila neno uliongeza hadithi mpya mitaani.

Mwezi Julai mwaka huo UNESCO iliyaweka makaburi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ya kujenga upya ikaanza, na haikuwa kazi nyepesi. Serikali iliahidi msaada, Japani ikatoa fedha kwa njia ya UNESCO, wataalamu wa majengo wakaja na michoro, koo zikaja na haki zao. Maswali yalikuwa ya kweli. Ukarabati mkubwa uliofanywa kuanzia mwaka 1938 ulikuwa umekwisha kuingiza saruji na chuma ndani ya nyumba ya miti. Je, nyumba mpya ifuate ile ya mwaka 1882 au ile iliyoungua? Mhandisi hupanga kazi kwa kalenda, akataka kujua tarehe ya kuezeka. Mzee wa Ngeye hupanga kwa miiko na kwa upatikanaji wa nyasi zifaazo, ambazo hazioti tena karibu na mji unaopanuka kila mwaka. Mhandisi akiona mzee anachelewesha, na mzee akiona mhandisi anadharau, wote wawili wana sehemu ya haki. Tena wazee wenyewe walikuwa wachache. Katika miaka ile ya kufutwa kwa falme vijana wengi hawakupanda paani kujifunza, na ufundi ambao haukuandikwa popote ulikuwa umepungua mikononi.

Kwa upande wa fedha, badiliko kubwa lilikuja mwaka 2013, Charles Peter Mayiga alipowekwa kuwa Katikkiro. Alianzisha mchango alioupa jina Ettoffaali, neno ambalo walimu wa Kiswahili watatabasamu wakilisikia, maana ni tofali letu lililovaa kanzu ya Kiluganda. Jina lenyewe lilikuwa nusu ya kazi: kila mtu alete tofali lake. Hakukaa Mengo kungoja bahasha. Alizunguka saza kwa saza, na masaza ya Buganda ni 18, akapokea michango hadharani, noti za elfu moja na za elfu hamsini, na kwa wengine mazao na mifugo. Aliyetoa alionekana ametoa, na jina lake lilisikika mbele ya jirani zake. Walikuwapo waliohoji fedha zinatumikaje, na kwa nini nyingine zimeelekezwa kumalizia jengo la Masengere huko Mengo. Kuhoji huko hakukuwa uadui, ingawa baadhi ya wakubwa walikuona hivyo. Mtu aliyechanga shilingi elfu ana haki ya kuuliza kama aliyechanga milioni. Ila ni dhahiri kwetu kwamba ile safari ya masaza ilifanya kazi ambayo ngoma ilifanya zamani. Iliwapa watu jambo la kufanya, na ikawaletea habari kutoka kinywa wanachokijua.

Turuhusiwe hapa kutoka Kasubi kidogo. Katika zama hizi kuna kazi nyingine kubwa ya kujitolea duniani, nayo ni utungaji wa programu huria za kompyuta. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo uitwao Linux ili yeyote apendaye akisome na kukirekebisha, na watu maelfu wasioonana wamekuwa wakikijenga tangu wakati huo. Huko nako kila sehemu ina mlinzi wake. Yeyote aweza kuleta kipande chake, lakini hakiingii mpaka mlinzi akikubali, kama vile nyasi zisivyoingia paani bila Wabulaakayole. Nao pia waligombana. Mwaka 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa ukali wa maneno aliyokuwa akiwaandikia wenziwe, akajiweka kando kwa muda, na jumuiya yake ikapokea kanuni za mwenendo. Wasomi wa Dar es Salaam waliingia uwanja huo mwaka 2004, walipoitafsiri programu ya ofisini ya namna hiyo kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice, na bila shaka msomaji aliyewahi kukaa katika kikao cha istilahi anajua ni muda gani waweza kupita juu ya neno moja. Tofauti moja twaiona muhimu. Mlinzi wa programu amepata kiti chake kwa ujuzi wake, na akikosa adabu watu hujiuliza kama ujuzi watosha. Mkuu wa waezekaji amekipata kwa ukoo, na akikosa ujuzi watu hujiuliza kama ukoo watosha. Kasubi baada ya mwaka 2010 ilikutana na swali hili la pili, na haikuwa rahisi kulisema kwa sauti mbele ya wazee.

Lilisemwa vipi basi? Kwa kadiri tuwezavyo kuona, halikusemwa. Lilizungukwa kwa adabu. Haki ya Ngeye haikunyang'anywa, lakini vijana waliletwa kujifunza chini ya wazee wakati kazi ikiendelea, na paa likawa darasa. Wahandisi walibaki na nguzo, chuma na mitambo ya kuzimia moto. Koo zikabaki na matete, pete na nyasi. Mpaka ule wa kale, wa kila mtu na sehemu yake, ukarudi kwa sura mpya, safari hii ukiwa na kamati zenye watu wa serikali, wa Mengo na wa UNESCO waliokaa meza moja. Njia hiyo ilikuwa ndefu. Wageni waliokuja mwaka baada ya mwaka walikuta paa nusu, na magazeti yakauliza kila Machi kwa nini nyumba haijakwisha. Kisha ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020 na kusimamisha mengi. Twadhani lawama za uchelewaji zilikuwa na haki kwa sehemu, lakini si kwa sehemu kubwa. Nyumba ambayo ingekwisha kwa miaka miwili kwa mikono ya kampuni ingekuwa na paa lisilo na mwenyewe.

Mwezi Septemba 2023, katika mkutano wake uliofanyika Riyadh, kamati ya urithi wa dunia iliyaondoa makaburi ya Kasubi katika orodha ya hatari, miaka 13 baada ya kuyaingiza. Pete 52 ziko mahali pake. Nyasi, hata hivyo, hazidumu. Mvua na jua huzila, nazo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na watu wa Ngeye wataitwa tena. Na wenye michango ya Ettoffaali walikuwa wameahidiwa si Kasubi pekee, bali na Wamala, kilima kingine upande wa Nansana, alikolala Suuna wa Pili, babaye Mutesa, katika nyumba ambayo paa lake nalo lilikuwa limewashinda watunzaji wake.